Tairi la pikapu nzito: anza na kilo, meno yafuate

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Nina pikapu nzito ya dizeli, 4x4. Rimu ni za inchi 18 na matairi yaliyokuja na gari ni LT275/70R18, sasa yamebaki vipara. Siku mbili tatu kwa wiki navuta trela la tani 3 na nusu, siku nyingine nabeba vifaa vya kazi nyuma. Njia yangu sehemu kubwa ni lami, kama theluthi moja ni changarawe, na mvua ikinyesha napita kwenye tope la kweli. Nataka matairi ya A/T, yale ya lami na njia mbovu pia. Fundi wangu anasema nihamie rimu za inchi 20 na nifunge tairi la 35x12.50, eti plai ni zile zile 10, kwa hiyo mzigo si shida, na tope nitalipita vizuri zaidi. Rafiki yangu naye anasema nichukue yenye meno makubwa kabisa. Niwasikilize? Upepo nijaze kiasi gani? Na spea langu la zamani halijawahi kutumika, si ninunue manne tu?"

Ndugu yangu, salama. Nashukuru umeuliza kabla ya kununua. Wengi huniletea swali hili matairi yakiwa yameshafungwa, na hapo kinachobaki ni kupunguza hasara. Jibu fupi nalitanguliza lisije likapotea humu ndani: baki na rimu zako za inchi 18, baki na kipimo chako cha LT275/70R18 chenye herufi E, chagua A/T ya meno ya wastani, na ukiweza nunua matano. Sasa nikueleze kwa nini, maana fundi wako hajakosea kila kitu, ila amekosea mahali ambapo kosa lake unalilipa wewe.

Tuanze na hizo plai 10, kwa kuwa ndizo zinazowapoteza watu wengi. Enzi za nyuzi za pamba, tairi la plai 10 lilikuwa na tabaka 10 za kitambaa kweli. Leo ukilikata tairi la herufi E, ubavuni utakuta tabaka mbili au tatu za poliesta, na chini ya meno mikanda ya nyaya za chuma. Neno plai limebaki kuwa jina la daraja tu: C ndiyo plai 6, D plai 8, E plai 10, F plai 12. Kinachoyatofautisha madaraja haya ni kiasi cha upepo ambacho tairi limejengwa kukihimili. Kwa vipimo vya kawaida vya LT, yaani matairi ya magari mepesi ya mizigo, C huishia PSI 50, D PSI 65, E PSI 80. Hapo ndipo pa kupashika: gari linabebwa na upepo. Kazi ya mpira na plai ni kuuzuia upepo huo usitoke.

Chukua kipimo kinachojulikana sana, LT265/70R17. Likiwa la daraja C hubeba kilo 1,120 kwa PSI 50. Likiwa la daraja E hubeba kilo 1,450, lakini kwa PSI 80. Funga hilo la E, kisha ulijaze PSI 50 tu: uwezo wake unarudi kule kule kwenye kilo 1,120 au jirani yake. Umelipia plai 10, unatembelea plai 6.

Kwa hiyo herufi E peke yake haikwambii tairi linabeba kilo ngapi. Anayekwambia ni namba iliyopigwa ubavuni baada ya kipimo. Kwenye matairi yako utaona 125/122, ikifuatiwa na herufi ya mwendo. Hiyo 125 maana yake ni kilo 1,650 kwa tairi lililo peke yake upande wake. 122 ni kilo 1,500, kwa magari yenye matairi mawili mawili nyuma. Wewe soma ya kwanza. Herufi ya mwendo, iwe Q ya kilomita 160 kwa saa, R ya 170 au S ya 180, usishuke chini ya ile iliyokuja na gari, basi.

Sasa tazama tairi analokupendekezea fundi. Tairi la 35x12.50R20 la daraja E kwa kawaida huja na namba ya mzigo 121. Hiyo ni kilo 1,450. Kwa macho ni kubwa zaidi, ni pana zaidi, ni zito zaidi, plai ni zile zile 10, na bado linabeba kilo 200 pungufu ya lile unalolitoa. Sababu ni upepo tena. Matairi mapana ya vipimo vya inchi, hata yakiandikwa E, huishia PSI 65, hayafiki 80.

Fungua mlango wa dereva uangalie kibandiko kwenye nguzo yake. Tafuta herufi GAWR: huo ndio uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kila ekseli. Pikapu nyingi za daraja hilo, kwa nyuma, huandikwa namba iliyo kati ya kilo 2,700 na 3,000. Tuseme yako ni 2,950. Matairi mawili ya kilo 1,450 yanakupa 2,900. Yaani umeshapungukiwa kabla hujapakia chochote. Matairi yako ya sasa yanakupa 3,300, na hiyo ziada ya kilo 350 ndiyo inayokulinda siku ambayo trela limepakiwa vibaya, barabara inachemka kwa jua, na safari bado ni ndefu.

Usiishie kwenye kibandiko. Peleka gari kwenye mizani likiwa katika hali yake ya kazi: tangi limejaa, vifaa viko nyuma, trela limefungwa na limepakiwa, abiria wako ndani. Pima ekseli moja moja. Trela la kilo 3,500 lililopakiwa sawasawa huegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye ndoano, yaani kilo 350 hadi 525. Na kwa sababu ndoano iko nyuma ya ekseli, uzito huo unafanya kama mtu aliyekalia ncha ya wenzo: unainyanyua pua ya gari kidogo, na ekseli ya nyuma inapokea zaidi ya kile kilichowekwa kwenye ndoano. Ndiyo maana watu hushangaa mizani ikiwasomea. Ikisoma 2,500 nyuma, kila tairi limebeba kilo 1,250. Mimi hupenda libaki na akiba ya angalau moja ya tano juu ya hapo. Huo ni msimamo wangu wa kazi, na sijawahi kuujutia.

Rimu za inchi 20 zinahitaji maelezo yake, maana wengi hudhani tairi la 35 lina ubavu mrefu zaidi. Fanya hesabu. Inchi 35 ukitoa 20 zinabaki 15, gawa kwa mbili, ni inchi 7 na nusu, sawa na milimita 190. Tairi lako la sasa: asilimia 70 ya milimita 275 ni 192. Ubavu ni ule ule! Hujapata mto mnene zaidi wa kumeza mashimo, umepata chuma kikubwa zaidi katikati. Kimo cha tairi zima kinatoka milimita 842 kwenda 889, lakini nusu yake tu ndiyo inayoinyanyua ekseli kutoka ardhini. Sentimita 2 na kidogo, na chini ya difu hazibadilishi mengi.

Unachotoa badala yake ni hiki. Tairi limekua kwa asilimia 5.6, kwa hiyo mshale ukionyesha 100 wewe unakwenda karibu 106. Kama uwiano wa gia za difu yako ni 3.73, gari litavuta kana kwamba ni 3.53, trela la tani 3 na nusu mlimani utalihisi, na giaboksi italihisi zaidi. Kila gurudumu linaongezeka kilo kadhaa, na breki ndizo zinazolazimika kuzisimamisha. Halafu kuna rimu zenyewe. Rimu za urembo hupigwa chapa ya mzigo wake kwa ndani au nyuma ya spoku, na si zote zinazofikia rimu ya kiwandani ya pikapu nzito. Nimeshashika mikononi rimu nzuri kweli kweli kwa macho ambayo chapa yake ilikuwa ya gari dogo la familia. Tairi likibeba na rimu isibebe, hujafanya kitu.

Fundi atakwambia basi tufunge la 12.50 kwenye hizo hizo za 18. Pima upana wa rimu kwanza. Tairi la upana huo linataka rimu isiyopungua inchi 8.5, na nyingi za kiwandani ni 8.

Tope. Hapa nakuomba unisikilize vizuri kwa sababu kila mtu ana imani yake. Tope lako likiwa la barabara ya changarawe iliyolowa, yaani ute wa juu wenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba ndilo linalofaa. Linakata ute, linashuka, linashika pale pagumu. Tairi pana linabaki juu likiteleza kama sabuni, na kwenye lami yenye maji nalo hupanda juu ya maji mapema zaidi. Upana una faida kwenye mchanga laini na kwenye tope lisilo na chini, mahali unapotaka kuelea. Kwa namna ulivyonieleza njia yako, milimita 275 zinatosha sana. Mtu asiyevuta trela na anayeshinda mchangani ningemjibu tofauti.

Tuje kwenye meno, au kashata kama wengine wanavyoziita. Matairi ya pikapu yamepangika kama ngazi. Chini kabisa ni ya barabarani, H/T, mifereji iliyonyooka na meno yaliyoungana. Juu kabisa ni ya tope, M/T, meno makubwa yaliyoachana, kati yao nafasi ya kuingiza vidole viwili. A/T imekaa katikati, ila katikati hiyo ni pana: kuna A/T zinazokaribia za lami, kuna za wastani, na siku hizi kuna R/T, zilizo kati ya A/T na M/T. Rafiki yako anakuelekeza kwenye R/T au M/T.

Sikushauri, na sababu kubwa ni trela. Jino refu lililosimama peke yake hujipinda. Ukiweka juu yake kilo 1,250 na nguvu ya injini ya dizeli, linajipinda kila linapogusa ardhi na kujinyoosha linapoachia. Gari linaanza kuelea kidogo kulia na kushoto, na kila mtikisiko mdogo unapelekwa nyuma kwenye trela, nalo linaurudisha mkubwa zaidi. Kwenye lami yenye maji breki nazo zinakuwa ndefu, kwa sababu mpira unaogusa barabara ni mchache. Kelele nitazipita, utazizoea.

Kuna jaribio dogo nalifanya kila gari linapoingia. Weka kiganja juu ya meno ya pembeni, yale ya begani, upapase kuelekea mbele, kisha urudi nyuma. Upande mmoja utakuwa laini, upande wa pili utakukwaruza kama msumeno. Huko ndiko kujipinda kwa meno nilikokueleza, kumeshaandikwa kwenye mpira. Meno marefu yaliyoachana huanza hivyo mapema sana kwenye gari zito, na msumeno ukishaanza, kelele inaongezeka na maisha ya tairi yanapungua hata kama kina cha meno bado kinaonekana kizuri.

Kwa hiyo dukani tafuta haya kwa macho yako. Katikati ya tairi, meno yawe makubwa na yameshikamana, yawe yameunganishwa chini na vidaraja vya mpira ili yasiyumbe. Begani yawe yameachana kidogo, maana huko ndiko tope linakopita kwenda nje. Ndani ya mifereji angalia kama kuna vijinundu vidogo vya mpira sakafuni: hivyo vinasukuma mawe yatoke. Pasipo hivyo, kokoto hukwama, na kila mzunguko gari lako zito linaigongomelea chini kama msumari mpaka ifike kwenye nyaya. Mikato myembamba juu ya meno husaidia kwenye lami yenye maji na kwenye barafu, lakini ikizidi sana, changarawe inayadonoa meno vipande vipande. Wewe mwenye theluthi ya changarawe na gari zito unataka mikato ya kiasi. Kina cha meno, likiwa jipya, kiwe milimita 12 hadi 14. Chini ya hapo litakwisha mapema, juu ya hapo unarudi kwenye kuyumba.

Kwa anayeendesha kwenye theluji, atafute alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S, yaani tope na theluji, peke yake ni habari ya umbo la meno tu; alama ya mlima hupewa tairi lililopimwa kwenye theluji.

Majina? Cooper Discoverer AT3 XLT, BFGoodrich All-Terrain T/A KO2, Toyo Open Country A/T III, Falken Wildpeak A/T3W, yote haya utayakuta kwenye pikapu nzito, na Michelin LTX A/T2 imeegemea zaidi upande wa lami. Sikuchagulii moja, kwa sababu kuna mtego ambao jina halikuokoi nao. Baadhi ya majina haya hutengenezwa kwa namna mbili: lenye LT mbele ya kipimo, na lisilo na LT, la magari madogo. Meno ni yale yale, maandishi ya jina ni yale yale. Tairi la 265/70R17 lisilo na LT, lenye namba 115, linaandikwa kilo 1,215, na likifungwa kwenye pikapu kanuni ni kugawa kwa 1.1, zinabaki kama kilo 1,105. Muuzaji aliyeishiwa na la LT anaweza kukupa hilo kwa nia njema kabisa. Soma ubavuni mwenyewe, kila tairi, kabla halijaingia kwenye rimu.

Ukiwa umeinama hapo, soma na umri. Mwisho wa mstari unaoanza na DOT kuna namba nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa stoo miaka mitatu na kupewa bei ya jipya, mimi silichukui. Watengenezaji wengi wa magari hushauri kulibadilisha likifika miaka 6 hata kama meno yapo, na watengenezaji wa matairi huweka mwisho miaka 10.

Hilo linatufikisha kwenye spea lako. Kama gari limemaliza seti nzima ya matairi, spea lina umri ule ule wa gari, na limezeekea chini ya chasisi kwenye vumbi na joto. Mpira hukauka hata usipotembea. Soma namba zake nne kwanza. Hata likiwa bado na umri mzuri, ukinunua kipimo kile kile cha muundo mwingine, mzingo wake unaweza kutofautiana kidogo na mapya, na baada ya kilomita elfu kumi yale manne yatakuwa yamelika, spea halijalika. Kwenye 4x4 tofauti hiyo si mchezo. Ukiiwasha 4x4, mbele na nyuma hufungwa pamoja, magurudumu yanataka kuzunguka kwa kasi tofauti na mfumo hauyaruhusu, basi nguvu zote zinajikunja ndani ya giaboksi na difu. Ndiyo maana nasema matano, na uyazungushe yote matano kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yalike pamoja. Kama mfuko hauruhusu, nunua manne, spea libaki la dharura: likifungwa, 4x4 iwe imezimwa, na uende polepole moja kwa moja hadi kwa mziba pancha.

Upepo nimeuacha hadi sasa makusudi, kwa sababu unahitaji ukumbuke yale ya mwanzo. Anza na kibandiko cha mlango. Pikapu nzito nyingi zina namba mbili, ya nyuma ikiwa juu ya ya mbele, na hizo zimewekwa kwa ajili ya mzigo kamili. Siku ya trela, ifuate kama ilivyo, na upime asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Ukisimama njiani ukakuta PSI 80 imepanda hadi 90, usiguse valvu. Hiyo ni joto, na imeshahesabiwa. Ukiupunguza, kesho asubuhi utaamka na upepo pungufu.

Siku ya gari tupu, PSI 80 nyuma litadunda na meno ya katikati yatalika peke yake. Hapo unaruhusiwa kushusha nyuma, kwa kufuata jedwali la mzigo la tairi lenyewe na ile karatasi yako ya mizani. Ukitaka kuhakikisha, chora mstari mnene wa chaki kukatiza meno yote, bega hadi bega, uendeshe mita hamsini kwenye lami kavu iliyonyooka, kisha ushuke uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, umepungua. Mbele usishushe kwa mazoea hayo hayo: injini ya dizeli ya pikapu kama hiyo huweza kukaribia nusu tani, na iko pale pale uwe na mzigo au usiwe nao.

Upungufu wa upepo ndio unaoua matairi ya gari linalovuta trela, na unaua kimyakimya. Niliwahi kulitoa kwenye rimu tairi la mteja aliyekuwa akivuta mzigo na PSI 45 nyuma kwa sababu hakupenda gari lidunde. Kwa nje lilikuwa zuri, meno yamejaa. Nilipolibandua, unga mweusi wa mpira ukamwagika sakafuni kama masizi, na ndani ya ubavu kulikuwa na mstari uliozunguka tairi zima, pale mpira ulipokuwa ukijikunja na kujisaga, mpaka nyuzi zimeanza kuchungulia. Nilimpa alishike apitishe kidole. Alikuwa amepanga safari ya familia wiki ile ile. Tangu siku hiyo simwambii mtu "ongeza upepo kidogo". Namwambia namba, na naandika.

Kwenye changarawe, gari likiwa tupu, kushusha PSI 10 hadi 15 chini ya unayotumia lamini kunalainisha safari na kuyaokoa meno na mawe makali, mradi na mwendo ushuke. Kwenye mchanga au tope linalokukwamisha unaweza kufika PSI 30, polepole, chini ya kilomita 40 kwa saa, na usikate kona kwa ghafla, ubavu usije ukaachia rimu. Ukitoka tu, rudisha. Kwa hiyo beba pampu ndogo na geji yako mwenyewe, usitegemee ya barabarani. Ukiwa na trela lililojaa, usishushe hata kidogo. Tafuta njia nyingine au ungoje pakauke.

Siku ya kufunga, simama pale. Kataa bunduki ya upepo kuwa ndiyo ya mwisho kukaza nati. Zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa namba ya kitabu cha gari. Omba balansi ya magurudumu yote matano na alaimenti baada ya kufunga, kwa sababu matairi vipara yanaweza kuwa yameficha kasoro ya usukani kwa miezi. Na kabla vijana hawajayatupa hayo ya zamani, yatazame yalivyolika. Bega moja likiwa limelika kuliko lingine, hiyo kasoro imebaki kwenye gari na itayala mapya vile vile. Kilomita mia za kwanza usifunge trela, kisha rudi ukakaze nati tena.